Miwani janja itafika mtaani? Muulize aliye ng'ambo ya kaunta kwanza

Jumamosi moja jioni nilikuwa nikimsaidia mathe kwenye duka lake la ajenti pale Kawangware, karibu na steji ya Congo. Kijana mmoja akaingia kutoa elfu mbili. Alikuwa amevaa miwani nyeusi yenye fremu nene, na jua lilikuwa limeshatua. Ukiangalia vizuri, pembeni mwa lenzi kulikuwa na kitone cha kamera.

Mathe hakuuliza ni miwani ya aina gani. Alifunga kitabu cha kumbukumbu akasema, "Kijana wangu, toa hiyo miwani kwanza ndio nikuhudumie."

Kijana akacheka. "Mathe, hizi ni za smart tu. Sirekodi."

"Sijasema unarekodi. Nimesema utoe."

Akatoka, akaingia kwa ajenti mwingine mlango wa tatu. Komisheni ikaenda naye.

Mimi nilikasirika. Nimesomea masoko chuo kikuu, na huko tulifundishwa kwamba mteja hafukuzwi. Nikamwambia mathe hiyo ndiyo teknolojia ya kesho, ataachwa nyuma. Akanijibu kwa swali moja: "Hiki kitabu kina vitambulisho vya watu wangapi?" Sikuwa na jibu. Nimelifikiria swali hilo tangu siku hiyo, na leo naandika nikiwa upande wake.

Maoni yangu ni haya: miwani janja haitakuwa vazi la kila siku Kibera na Kawangware hivi karibuni, na kizuizi kikubwa si bei. Faida ya miwani hii inamwendea aliyeivaa, lakini hatari inambeba anayetazamwa.

Bei itashuka

Google Glass ya mwaka 2013 iliuzwa dola 1,500. Miwani ya Ray-Ban Meta ilipotoka mwaka 2023, bei ilianzia dola 299, yaani karibu shilingi 39,000 kabla ya usafiri na kodi. Bado ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa wengi wetu. Lakini simu za skrini pia zilianza hivyo, na leo watu wanazilipia kidogo kidogo kila siku. Usishangae siku moja ukizikuta hizo miwani Toi Market, zimelala katikati ya mitumba.

Kwa hivyo tusijidanganye kwamba bei itatulinda. Swali ni kama watu watazitaka usoni kila siku, na kama wengine watazivumilia.

Tumeshaona vifaa vikija na kuondoka

Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay, ya kugusisha ili kulipa nauli ya matatu. Kufikia 2015 ilikuwa imefungwa. Mwaka 2017 Safaricom wakajaribu 1Tap, ambayo ulilipa kwa kadi, kibandiko cha simu au bangili ya mkononi. Umeona mtu na hiyo bangili mtaani kwenu? Hata mimi sijaona.

Linganisha na M-PESA, iliyoanza Machi 2007. Haikukuambia ununue kitu kipya. Ilifanya kazi kwa kabambe uliyokuwa nayo mfukoni, na kwa mwenye duka uliyekuwa tayari unamjua. Mtu wa Kibera akatuma pesa nyumbani magharibi bila kumtegemea dereva wa basi. Aliyetuma alifaidika, aliyepokea alifaidika, na ajenti akapata chake. Kila aliyeguswa na shughuli hiyo alikuwa na sababu ya kuitaka.

Sasa chukua miwani. Nchini China, Alipay walianza mwaka 2025 kuruhusu malipo kwa miwani: unatazama msimbo wa QR, kisha unathibitisha kwa sauti. Ni safi kabisa. Lakini hebu jiweke ndani ya matatu ya 46 saa kumi na mbili jioni, muziki uko juu, halafu useme kwa sauti, "Lipa shilingi mia moja." Konda hatasikia. Jirani yako kwenye kiti, ambaye hukutaka ajue una pesa, atasikia vizuri sana.

Kinachoonekana kwenye kaunta

Kaunta ya ajenti ni mahali padogo penye siri nyingi. Kuna kitambulisho chako, namba yako ya simu, kiasi unachotoa, na kidole chako kikibonyeza PIN.

PIN peke yake haitoshi kukuibia, kwa sababu mwizi bado anahitaji laini yako. Lakini mtu akishapata PIN, namba ya simu na namba ya kitambulisho, amebakiwa na hatua moja tu: kukupora simu, au kudanganya ili laini yako ihamishiwe kadi nyingine. Zamani aliyetaka kuiona PIN yako alilazimika kuinama begani kwako, na ulimhisi. Kamera iliyo usoni haihitaji kuinama.

Watengenezaji wanasema kuna taa ndogo inayowaka miwani ikirekodi. Ni kweli, kwa Ray-Ban Meta ipo. Lakini lazima kwanza ujue maana ya hiyo taa, na tayari kuna watu wameonyesha jinsi ya kuizima. Sheria pia ipo: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ila sheria huja baada ya pesa kwenda. Aliye pale kaunta saa hiyo ni mathe.

Lakini kuna mzee mmoja

Nisiwe wa upande mmoja. Naishi Kibera, upande wa Makina, na jirani yangu mmoja ni mzee asiyeona. Watoto wake wakimtumia pesa, mjukuu ndiye humsomea ujumbe, na mara nyingi mjukuu huyo huyo ndiye huingiza PIN. Mzee hana siri yoyote ya pesa.

Tangu 2024, huduma ya Be My Eyes, inayowasaidia wasioona, inafanya kazi kupitia miwani ya Ray-Ban Meta. Kwa mzee huyu, miwani inayomsomea noti na ujumbe ingemrudishia heshima yake. Kama kuna mtu mtaani anayestahili kuivaa kila siku, ni yeye. Na nikimuuliza mathe, najua huyo angemhudumia akiwa na miwani yake, kwa sababu angejua ni ya nini. Hapo ndipo miwani hii inaweza kuanzia: kwa mtu anayeihitaji, mbele ya watu wanaomjua.

Kwa sasa, fanya hivi

- Funika simu kwa kiganja unapoingiza PIN, hata kama hakuna mtu nyuma yako. Angalia pia aliye mbele yako.
- Mpe ajenti kitambulisho mkononi. Usikiache wazi juu ya kaunta.
- Ukiona miwani yenye kitone cha kamera au taa inayowaka, una haki ya kusema, "Naomba utoe miwani kidogo." Si ushamba.
- Ajenti, funga kitabu cha kumbukumbu baada ya kila mteja. Kiweke upande wako wa kaunta.
- Ukihisi PIN yako imeonekana, ibadilishe hapo hapo. Laini ikikosa mtandao ghafla bila sababu, pigia kampuni yako ya simu mara moja kwa simu nyingine.
- Kama huoni vizuri, simu nyingi za Android zina TalkBack kwenye mipangilio, bila malipo. Tumia hedifoni ili wengine wasisikie.

Siku hizi dukani kwa mathe kuna kipande cha katoni kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Toa miwani ya kamera. Asante." Mimi ndiye niliyekiandika. Wateja wengine hukisoma na kucheka, kisha huficha simu wakibonyeza PIN. Hata kama miwani hizo hazitafika kwa wingi, hilo pekee limenitosha.