Misafara ya Data Nayo Ilipe Hongo

Kabla neno "hongo" halijashuka hadhi na kuwa jina jingine la rushwa, lilikuwa neno la utawala katika nchi ya Wanyamwezi. Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara uliotoka Bagamoyo na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, au uliorudi kutoka Ujiji na pembe za ndovu, ulimlipa kila mtemi ambaye ulikanyaga ardhi yake, ukachota maji ya visima vyake na kununua chakula cha watu wake. Mwaka 1871, Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji, wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora waliingia naye vitani, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwama hapo kisha akalazimika kuzunguka upande wa kusini.

Siwatukuzi watemi. Misafara ile ilipitisha pia watumwa, na wako watemi waliofaidika na biashara hiyo. Ninachokichukua kwao ni kanuni moja tu: apitaye katika nchi ya watu na kuchuma, huacha kitu. Leo misafara imerudi katika nchi hiyohiyo. Haibebi tena pembe, inabeba taarifa za afya: mapigo ya moyo ya watoto walio tumboni, uzito wa vichanga, dakika ambazo mama amesubiri gari la wagonjwa. Hoja yangu ni kwamba misafara hii nayo ilipe hongo, na hongo hiyo ilipwe kwa sarafu moja: nafasi za shahada ya uzamivu, zenye mshahara, katika vyuo vikuu vyetu.

Tuitazame Bukene. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, kaskazini mwa Tabora mjini, juu ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Una stesheni, una wakulima wa mpunga, una kituo cha afya. Katika kituo cha namna hiyo, popote nchini, muuguzi anayemaliza zamu hajamaliza kazi. Anaketi na vitabu vya MTUHA, anajaza safu baada ya safu: waliojifungua, waliopewa rufaa, waliofariki. Takwimu hizo hujumlishwa, hupelekwa wilayani na kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa nchini kote kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kutoka hapo huzaa taarifa za wizara, makala za majarida na, mwisho wa safari, tasnifu za udaktari wa falsafa. Katika safari nzima hiyo, mkono wa kituo cha afya huonekana mwanzoni tu, kama mpagazi aliyebeba mzigo hadi pwani asijue umeuzwa kwa bei gani.

Nisije nikaeleweka vibaya, nitachukua mfano mzuri, si mbaya. Mradi wa Safer Births, ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ikishirikiana na wenzao wa Stavanger nchini Norway, ulipeleka vifaa na mafunzo ya kuwaokoa watoto wachanga katika vituo 30 vya mikoa mitano, Tabora ukiwa mmojawapo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Mtafiti aliyetajwa wa kwanza katika makala hiyo ni Mtanzania. Anayeudharau ushahidi huu hajapata kusimama nje ya chumba cha kujifungulia akisubiri kilio cha mtoto ambacho hakiji.

Lakini tuulize yanayofuata. Miongoni mwa vifaa vya kazi hiyo kuna kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kiitwacho Moyo. Jina ni letu. Kampuni iliyokibuni na kukitengeneza iko Stavanger. Watanzania kadhaa wamepata uzamivu kupitia utafiti huo, nami nawapongeza kwa dhati, lakini shahada zao zimetolewa na vyuo vikuu vya Norway. Kwa nini? Jibu halihusu akili, wala halihusu uzalendo. Nchini Norway anayesomea uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: analipwa mshahara, anachangiwa pensheni, ana likizo ya uzazi. Hapa kwetu anayesomea uzamivu ni mteja wa chuo: analipa ada, anafundisha mchana, anasahihisha mitihani usiku, na tasnifu yake huisha siku atakayojaliwa. Kati ya kuwa mwajiriwa na kuwa mteja, kijana mwenye akili timamu atachagua nini?

Hapo ndipo nafasi ya kijana wa Bukene inapopimwa. Nimewahi kumfundisha mmoja, bingwa wa hesabu, aliyerejea nyumbani baada ya shahada ya kwanza. Mradi mmoja, ambao sitautaja, ulimpa mkataba wa miezi sita wa kukusanya taarifa kwa kishikwambi, kwa malipo ya siku. Katika wiki ya tatu aligundua kwamba dodoso lilimlazimisha muuguzi kurekodi saa ya kujifungua hata pale mama alipokuwa amejifungulia njiani, na kwamba wauguzi walikuwa wakibuni saa ili waweze kuendelea na ukurasa unaofuata. Aliripoti. Alishukuriwa kwa barua pepe. Mkataba ulipoisha akarudisha kishikwambi, akaenda kuuza vifaa vya simu. Swali alilolikuta, la jinsi mfumo wa kompyuta unavyomfundisha muuguzi kusema uongo, ni tasnifu kamili ya uzamivu. Hakuna chuo kilichokuwa na dirisha la kumpokea nalo.

Ziko hoja tatu za kunipinga, na zote nimezisikia katika vikao.

Ya kwanza ni kwamba hatuna wasimamizi wala maabara za kutosha. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Lakini ni timu iliyokulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo imefanya kazi ya kuijenga DHIS2 ya Tanzania. Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha kilianzishwa mahsusi kwa shahada za juu za sayansi na uhandisi. Muhimbili ina uhandisi wa vifaa tiba, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha mafundi wa vifaa hivyo. Tabora mjini kwenyewe kuna kituo cha NIMR. Pale msimamizi asipopatikana, aalikwe mgeni awe msimamizi mwenza, na shahada itolewe kwa pamoja. Ifakara ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi. Leo ni taasisi ya Kitanzania inayoheshimiwa duniani. Uwezo hujengwa kwa kupewa kazi. Hakuna aliyewahi kuupata kwa kuusubiri.

Ya pili ni kwamba tukiweka masharti, wafadhili watahamia kwa jirani. Jirani gani? Nchi za Afrika Mashariki zilipogawana vituo vya umahiri wa sayansi za tiba kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Tanzania ilipata moyo na mishipa ya damu, Uganda saratani, Kenya figo. Uhandisi wa vifaa tiba na afya ya kidijitali vilikwenda Rwanda. Jirani tunayemwogopa tayari anasomesha. Mfadhili hakimbii masharti yanayoeleweka. Hukimbia urasimu usiotabirika. Misafara ya karne ya 19 ilinung'unikia hongo kila siku, na iliendelea kupita kila mwaka, kwa sababu kilichotafutwa kilikuwa huku.

Ya tatu ndiyo yenye uzito: uzamivu wa nini, wakati zahanati haina glavu? Nawajibu kwa takwimu. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi maskini na kukuta wastani wa karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, usimamizi duni wa teknolojia na udhaifu wa miundombinu. Mashine ya hewa ya oksijeni iliyobuniwa kwa wodi yenye kiyoyozi na umeme usiokatika haitadumu katika vumbi la kiangazi cha Unyamwezi. Nani atachunguza kwa nini imekufa, na kubuni itakayoishi? Kila kifaa kinachogeuka kabati la kuwekea mafaili ni glavu nyingi zilizopotea. Anayewatenga maskini na utafiti kwa sababu ya umaskini wao anawahukumu kununua milele majibu ya maswali ya watu wengine.

Sasa tugeuze kidole, kielekee nyumbani. Mwaka 2006 Baraza la Utendaji la Umoja wa Afrika, likikutana Khartoum, liliweka lengo la kila nchi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Lengo hilo bado tunalisoma katika hotuba. COSTECH ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ina mfuko wake, MTUSATE, lakini mfuko hautoi maji usipochimbiwa chemchemi. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022, umewafungulia mlango vijana wa sayansi katika shahada ya kwanza, na ni jambo jema. Lakini ngazi yenye vidato vya chini pekee humfikisha mtu katikati ya ukuta. Na sisi wahadhiri? Tumeugeuza uzamivu kuwa karatasi ya kupandia cheo. Mada huchaguliwa kwa urahisi wa kumaliza, tasnifu hujalidiwa kwa herufi za dhahabu, kisha hufungiwa maktabani. Fundi sanifu wa vifaa tiba wa wilaya, anayezijua mashine kwa sauti zake, hatumwiti hata kwenye semina.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo, na nayaelekeza kwa wenye kalamu za kutia saini.

Kwanza, lango lipo tayari. Mtafiti wa kigeni huomba kibali COSTECH. Utafiti wa afya huhitaji ithibati ya maadili. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kinachokosekana langoni ni ushuru. Kila mradi wa teknolojia ya afya unaovuka kiwango fulani cha bajeti ugharimie angalau nafasi moja ya uzamivu katika chuo kikuu cha Tanzania, kwa miaka minne, yenye mshahara na mchango wa hifadhi ya jamii. Kanuni hiyo iihusu pia Serikali yenyewe: mifumo kama GoTHOMIS isijengwe wala kupanuliwa bila kuacha nyuma yake watafiti.

Pili, angalau nusu ya muda wa mtafiti huyo itumike katika kituo ambako taarifa zinazaliwa, Bukene au mahali pa mfano wake, na swali la utafiti lipitishwe na wafanyakazi wa kituo hicho pamoja na wasimamizi wa chuo.

Tatu, kila nafasi ya uzamivu iambatane na nafasi moja ya masomo kwa muuguzi, mteknolojia wa maabara au fundi sanifu wa wilaya husika, atakayeruhusiwa kusoma bila kupoteza cheo wala mshahara. Muundo wa utumishi utambue kazi ya utafiti inayofanyika nje ya vyuo. Vinginevyo tutakuwa tunamsomesha mtu ili ahame.

Nne, nakala ya taarifa na ya programu zilizotengenezwa ibaki nchini, mahali ambapo mwanafunzi wa Kitanzania anaweza kuifikia bila kumwandikia barua profesa wa ng'ambo.

Watumishi wa umma mnaosoma haya, mengi ya hayo hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji kanuni za utekelezaji na ujasiri wa kuzisimamia. Wanaharakati, mmetufundisha kuuliza mkataba wa mgodi unasema nini. Ulizeni sasa mkataba wa taarifa za wagonjwa unasema nini, na nani atahitimu kwa ajili yake. Wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba utafiti ni kipaji cha waliozaliwa karibu na maabara. Maswali magumu kuliko yote ya teknolojia ya afya yako pale ambapo umeme hukatika, barabara hukatika na muuguzi ni mmoja.

Sidhani kama tunaomba kikubwa. Mirambo hakudai misafara yote ikae Urambo. Alidai isipite bure. Taifa lenye vyuo vikuu, tume ya sayansi na sheria ya taarifa binafsi haliwezi kudai pungufu ya hapo kwa ajili ya mama anayejifungua Bukene usiku huu, ambaye kesho asubuhi atakuwa mstari mmoja katika kitabu cha MTUHA.

Naomba kuwasilisha.