Surua si Deni la Mtoto

Wakristu wenzetu wa Beni na Butembo, tumechoka kusikia neno hili: "Surambi ni deni la kila mtoto, alilipe, kisha atakua." Deni gani hilo? Mtoto hakukopa kitu. Kabla chanjo haijaenea, surua iliua duniani watu karibu milioni 2.6 kila mwaka, na wengi wao walikuwa watoto.

Wengine husema chanjo hii ni dawa mpya iliyoletwa na watu wa Ebola. Si kweli! Mwaka 1758, mjini Edinburgh, tabibu Francis Home alitwaa damu ya wagonjwa wa surua, akawakwaruza ngozi watoto 12 na kuwatia damu ile, ili waugue kidogo tu. Baadhi waliugua kwa wepesi kweli, lakini njia hiyo haikuenea. Ikapita miaka karibu 200. Mwaka 1954, huko Boston, John Enders na Thomas Peebles walipata kirusi chenyewe katika damu ya mvulana wa shule. Na mwaka 1963 chanjo ikaruhusiwa Marekani.

Na ile miezi 9 iliyoandikwa katika kadi, je? Ilichunguzwa hata Machakos, Kenya, katika miaka ya 1970, kwa watoto Waafrika kama wetu. Ukichanja mapema mno, kinga aliyopewa mtoto na mama yake huizuia chanjo kufanya kazi. Ukichelewa, surua hutangulia.

Ebola ilipotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, tulitetemeka, na ilikuwa haki. Hadi Juni 2020 iliua watu 2,287. Kumbe wakati ule ule surua iliua zaidi ya 6,000 katika Kongo nzima! Nani alitetemeka kwa ajili yao?

Mama aliyetembea nusu siku akaambiwa chanjo zimekwisha, au aliyezuiwa na vita njiani, hatumlaumu. Tunawalaumu wanaokaa jirani na kituo cha afya. Na sisi makatekista tunajilaumu: siku ya chanjo tuliitangaza watu wakiwa wamekwisha simama kutoka.

Basi, tangu sasa, wazazi wanaoandikisha ubatizo tutawauliza kadi ya chanjo. Si sharti la sakramenti, msitushtaki kwa paroko. Tunauliza tu.