Baraza la Wateule

Umezuka katika biashara za intaneti mtindo ambao wengi wausifu, nami naupinga: muundaji wa programu mpya huwakusanya watumiaji wake wa kwanza katika baraza lililofungwa, asiingie mtu ila kwa mwaliko.

Tazama mambo ya Clubhouse, programu ya mazungumzo ya sauti iliyozaliwa Marekani mwaka 2020. Aliyetaka kuingia ilimlazimu aalikwe na aliyemo. Tena kwa zaidi ya mwaka mzima ilimlazimu awe na simu ya iPhone.

Wako wasemao kwamba kitu kichanga hakistahimili kishindo cha umati. Ni kweli. Gmail nayo ilianza kwa mialiko mwaka 2004, maana gigabaiti 1 kwa kila mtu ilikuwa akiba kubwa mno zama zile. Walakini kupunguza idadi ni jambo moja, na kuchagua watu ni jambo jingine. Idadi yaweza kupunguzwa kwa foleni au kwa kura. Mwaliko hupunguza kwa urafiki. Rafiki humwita afananaye naye, hata baraza zima likawa la watu wa kipato kimoja na lugha moja.

Hapo ndipo hasara ilipo. Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtumiaji wa kwanza ndiye mgeni huyo, aonyeshaye kasoro ambazo mwenyeji amekwisha kuzizoea. Ikiwa wageni wote ni jamaa wa nyumba ile ile, nani atasema kwamba paa linavuja? Na asiyekuwapo na lake halipo: Afrika Mashariki, ambako simu nyingi ni za Android, wengi waliingia desturi za baraza zikiwa zimekwisha kuwekwa na wengine.

Wala fahari hiyo haidumu. Clubhouse ilifuta mialiko Julai 2021. Aprili 2023 ikaachisha kazi zaidi ya nusu ya watumishi wake. Sidai kwamba mwaliko peke yake ndio uliowafikisha huko. Lakini avutwaye na mlango uliofungwa ana sababu gani ya kubaki ukifunguliwa?

Basi, enyi wanafunzi muundao programu leo, karibisheni watu hamsini mkitaka, si lazima elfu. Ila kati yao awemo mwenye simu ya bei nafuu, mkaa mbali na mji, asomaye Kiswahili tu, na asiyemjua hata mmoja wenu.