Mdaku lazima aache alama

Wadau, ikitajwa teknolojia mpya ya kulinda mawasiliano, wasomi wa mjini tunagawanyika makundi mawili. Moja linasema hayo ni mambo ya Wazungu, mtu wa Dimani kule Kibiti yanamhusu nini? Jingine linashangilia kana kwamba mashine itatuletea uhuru. Makundi yote mawili yamepotea njia.

Chukueni huu usambazaji wa funguo za siri kwa kwanta, uliobuniwa na Bennett na Brassard mwaka 1984. Afrika umeshafika: wakati wa Kombe la Dunia 2010, Durban waliutumia kulinda mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida. Vifaa vyake ni ghali, lakini kuuiga kwenye kompyuta ya kawaida ni kazi ndogo kwa mwanafunzi yeyote wa Mlimani anayejua kuandika programu.

Iko hivi. Asha anamtumia Juma chembe za mwanga, moja moja. Kila chembe imebeba 0 au 1, katika mkao mmoja kati ya miwili, aliouchagua kwa kubahatisha. Juma naye anabahatisha mkao wa kupimia. Kisha wanatajiana mikao hadharani, bila kutaja namba, na kutupa pale walipotofautiana. Zinazobaki ndizo ufunguo. Sasa mwingize mdaku katikati. Naye lazima abahatishe, na akikosea mkao anaivuruga chembe. Akidaka zote, takriban robo ya namba zilizobaki hazitalingana. Asha na Juma wakilinganisha namba 20 tu, nafasi ya mdaku kutogundulika ni kama 3 katika 1,000.

Mmeona? Mfumo haumzuii mdaku kusikiliza. Unamzuia kusikiliza kimyakimya. Hicho ndicho tunachokikosa sisi, na hatukikosi kwa sababu ya umaskini wa vifaa.

Novemba 21, 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, alitoweka. Sidai kwamba simu ndiyo iliyomponza. Nasema hivi: baada ya hapo, mtu wa Dimani mwenye habari, akipigiwa na mwandishi, ana haki ya kujiuliza nani mwingine yuko kwenye laini. Na hana njia ya kujua. Meseji ya kawaida inapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu kama barua isiyo na bahasha.

Mashine ya kwanta isingemsaidia, maana inalinda njia tu. Desemba 2016 Maxence Melo wa Jamii Forums alikamatwa. Polisi walitaka taarifa za wanachama wake, akagoma kuzitoa. Hakuna aliyehitaji kudaka chochote njiani. Waligonga mlango wa anayehifadhi. Tulijua kwa sababu aligoma. Je, asingegoma?

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru data zitolewe kwa ajili ya upelelezi. Sharti la kumwarifu mwenye data, hata baadaye, halimo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano yetu binafsi, lakini utadaije haki ambayo hujui imevunjwa?

Mtaniambia polisi watakamataje wauaji? Swali halali, Aprili 2017 askari 8 waliuawa huko huko Kibiti. Basi wasikilize, kwa kibali cha hakimu, na upelelezi ukiisha mhusika aambiwe. Ujerumani sheria inadai hivyo, na polisi wao hawajafunga ofisi.

Kwa hiyo msimwahidi mtu wa Dimani chembe za mwanga. Mpeni sheria yenye kanuni ile ile: anayesikiliza lazima aache alama. Hiyo haihitaji maabara, inahitaji wabunge.

Nawasilisha.