Mazishi ya Dagaa

Juma hili natuvuke bahari hadi Santa Cruz de Tenerife, mji wa bandari katika Visiwa vya Kanari. Visiwa hivyo ni mali ya Hispania, ingawa viko karibu zaidi na pwani ya Moroko. Kila mwaka, kabla ya mfungo wa Kwaresima, wakazi wake humiminika barabarani wakicheza kanivali usiku kucha.

Akina mama wanaoijua sindano watastaajabu kusikia kwamba vazi la Malkia wa Kanivali huweza kuzidi kilo 100. Binti hulikokota juu ya magurudumu yaliyofichwa chini ya vazi, naye hana budi kutabasamu. Mimi namhurumia. Wanaonivutia zaidi ni murga, yaani vikundi vya waimbaji waliojipaka rangi usoni, ambao huwasuta wakubwa hadharani kwa nyimbo za mzaha.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka 1936 Jenerali Franco alikuwa kamanda wa majeshi visiwani humo, akaondoka kwenda kuongoza uasi. Mwaka 1937 serikali yake ilipiga marufuku kanivali, na kuficha uso siku hizo kukawa kosa. Wasomaji wetu wa kambini watatambua ugumu wa amri ya namna hiyo: anayetumwa kuitekeleza naye ana shangazi anayecheza. Watu wa Tenerife walifunga milango, wakacheza ndani. Hatimaye, mwaka 1961, sherehe iliruhusiwa barabarani kwa jina jingine, Sikukuu za Majira ya Baridi. Jina hilo halikumdanganya mtu, bali lilimpa kila mmoja nafasi ya kutoona. Franco alifariki mwaka 1975, na baada yake kanivali ikarudishiwa jina lake.

Siku ya Jumatano ya Majivu hufanyika mazishi. Marehemu ni dagaa, tena dagaa mkubwa kuliko mtumbwi, aliyetengenezwa kwa mikono ya mafundi. Wanaume wenye ndevu huvaa nguo nyeusi za wajane, wakilia, wakigaagaa na kuzirai mikononi mwa wenzao, mpaka dagaa anapochomwa moto.

Ungedhani baada ya matanga hayo watu watatulia. La hasha! Jumamosi na Jumapili zifuatazo, Kwaresima ikiwa imekwisha kuanza, wajane wale wamo barabarani tena, wanacheza.