Kidonda kisichouma

Juma hili ninaweka pembeni mambo ya masomo ya watoto. Tuzungumze juu ya ugonjwa wa sukari, kwa sababu uliingia nyumbani mwetu na karibu utugombanishe na jirani.

Shangazi yangu anaishi na sukari tangu miaka 12. Akijisikia vizuri, anaacha dawa. Akilegea, anatafuta franga za kununua tena. Wakati wa mvua alikuwa anaota moto, miguu karibu na mbabula. Siku moja niliona soksi yake imelowa. Nikaivua: kidole kikubwa kimeungua, kimeanza kuoza.

“Shangazi, kidonda hiki ni cha tangu lini?”

“Mwanangu, hakiniumi. Nilifikiri kitapona.”

Nyumbani wakasema ni karuho. Wakamshuku mama jirani, aliyekuwa ametuletea sombe. Tukapoteza juma mbili kwa mganga wa kienyeji. Hospitalini daktari alitueleza: sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, inaharibu mishipa ya fahamu na ya damu. Mguu hausikii tena moto wala mwiba, na damu haifiki vizuri kuponyesha kidonda. Vidole viwili vikakatwa.

Leo tunafanya hivi:

Kila jioni mtoto wetu wa mwaka wa tano anashika tochi, anaangalia nyayo za shangazi na katikati ya vidole. Akiona jeraha, hata dogo, tunaenda kwenye kituo cha afya bila kungoja.

Shangazi hatembei tena bila viatu, wala haoti moto kwa miguu. Maji ya kumwosha yanapimwa kwanza na mkono wa mtu mwingine.

Macho na figo pia vinaharibika bila kuuma. Kila mwaka tunaomba apimwe macho na mkojo.

Dawa haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kusikia njaa kali, pengine sukari imeshuka: anapewa mara moja chai yenye sukari, kama bado anameza vizuri.

Hatumpikii chungu chake peke yake. Bugali ya muhogo na ya mahindi zote zinageuka sukari mwilini. Sisi sote tumepunguza bugali na kuongeza lengalenga.

Ilibaki deni moja. Nilimsindikiza shangazi, akitembea na fimbo, kwenda kumwomba mama jirani msamaha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatuletea kiti, akasema kwa sauti ndogo: “Na mimi usiku ninakojoa sana, kiu hainiishi. Wanapima wapi?”

Siku ya tano tulienda naye. Wewe unayesoma, kama una dalili hizo, usingoje maumivu. Hayatakuja kukuamsha.