Paulo naye alipanga safari ya Hispania



Yameingia mafundisho fulani katika mikutano ya vijana wetu hapa Hewa Bora, nayo husemwa kwa sauti ya upole hata yakafanana na hekima. Yanasema kwamba kijana anayekesha akipanga safari za mbali, za kuvuka bahari, amekwisha kuikimbia nchi yake moyoni; kwamba ramani iliyo katika daftari lake ni sanamu anayoiabudu; kwamba dawa yake ni kuambiwa atulie, asali, atafute kazi, na Bulaya awaachie wenye Bulaya. Ninayapinga mafundisho hayo. Siyapingi ili niwapendeze vijana, kwa maana nao nitawaambia yasiyo matamu kabla sijamaliza. Ninayapinga kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu yanaleta hasara ambayo wanaoyasema hawaioni.

Tulitazame kwanza jambo lenyewe jinsi lilivyo. Yupo binti mmoja wa miaka 19, amepata diploma yake ya Serikali, mama yake huuza makala. Kwa muda wa miaka miwili amekuwa na daftari la safari. Ndani yake imeandikwa njia ya kutoka hapa hadi Kasumbalesa, Ndola, na Kapiri Mposhi, mahali inapoanzia reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 kwenda Dar es Salaam, ambako kwa mara ya kwanza ataiona bahari. Baada ya bahari zinafuata Roma, Lisbon, na mwishowe Seoul, ambako Siku za Vijana Duniani zimepangwa kufanyika tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Kila mji una ukurasa wake: fedha yao, majira yao, salamu zao, sikukuu zao. Kwa wino mwekundu ameandika kwamba viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na kwamba fedha hizo hazirudishwi hata ukikataliwa. Ukurasa wa mwisho una herufi 24 za Kikorea, zimeandikwa kwa mkono wa mtu aliyezirudia mara nyingi.

Ukurasa mmoja wa daftari hilo ulisomwa hadharani mkutanoni, bila idhini yake, na watu wakacheka. Mlezi mmoja akamwuliza kama amewahi kufika hata Likasi. Wakacheka zaidi. Swali lile lilikuwa zuri ila liliulizwa vibaya, nami nitalirudia.

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu. Kwa miaka mingi nimetafuta namna ya kumfanya mwanafunzi aelewe kwa nini saa hazilingani duniani, na mara nyingi nimeshindwa. Binti huyu alijifundisha mwenyewe, kwa kuwa alitaka kujua Misa ya Papa inapoadhimishwa Roma sisi huku ni saa ngapi. Akagundua kwamba katika majira yao ya joto saa yao na yetu ni moja. Mwalimu anayeona jambo hilo akacheka, sijui amesomea nini.

Tena, ni nani katika mji huu mwenye haki ya kuita safari ugonjwa wa kigeni? Lubumbashi ni mji wa wasafiri. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na watu wakaja nyuma yake: kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Msiri mwenyewe, aliyejenga dola lake Bunkeya, alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Lugha hii ninayowaandikia ilikuja kwa miguu. Hata jina la mtaa wetu liliwahi kuandikwa kwenye ubavu wa ndege, enzi za Hewa Bora Airways iliyosimama mwaka 2011. Na shaba yetu, je? Kila siku malori yanapanga foleni Kasumbalesa yakiipeleka Dar es Salaam, Durban na Walvis Bay, nayo inavuka bahari zote bila kuombwa barua ya benki. Sijawahi kusikia mahubiri ya kuiambia shaba ibaki nyumbani. Mahubiri hayo tumemwekea mtoto wa muuza makala.

Wanaowapinga vijana wana Maandiko yao, nami nayaheshimu. Hutaja Waraka wa Yakobo, sura ya nne, anapowakemea wasemao kwamba leo au kesho watakwenda mji fulani, wafanye biashara, wapate faida. Lakini someni hadi mstari wa 15. Yakobo hawaambii wasiende. Anawaambia wamtaje Bwana katika mpango wao: akipenda, wataishi na kufanya hili au lile. Kinachokaripiwa ni majivuno ya mtu anayejiona mwenye kesho yake. Hutaja pia mwana mpotevu aliyekwenda nchi ya mbali. Hapo pia tusome vizuri: yule kijana hakuwa na daftari lolote. Alidai urithi baba angali hai, akaondoka baada ya siku si nyingi. Angekaa miaka miwili akipiga hesabu, pengine tusingekuwa na mfano ule.

Mwenye daftari katika Agano Jipya ni mwingine kabisa. Fungueni Waraka kwa Warumi, sura ya 15. Paulo anawaandikia watu ambao wengi wao hajawahi kuwaona, na anawafunulia mpango wa safari ndefu. Amekuwa na hamu ya kuwafikia kwa miaka mingi, na amezuiwa mara nyingi, hilo halifichi. Anataka kwenda Hispania, ukingo wa magharibi wa dunia waliyoijua. Atapitia Roma, anatumaini watamsaidia katika safari yake, na atafurahi kukaa nao kidogo kwanza. Lakini kabla ya Roma na kabla ya Hispania ana jambo la kutimiza: kupeleka Yerusalemu mchango uliotolewa na Wakristo wa Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini. Kisha anawaomba wamwombee, kwa sababu anajua huko Yerusalemu kuna hatari.

Huo ndio mpango wa safari. Una njia, una kituo cha katikati, una gharama na watakaosaidia kuzibeba, una hatari iliyotajwa kwa jina, una deni la nyumbani linalolipwa kwanza. Zaidi ya yote, umeandikwa katika barua iliyosomwa mbele ya jumuiya nzima. Na mara baada ya hayo, mwanzoni mwa sura ya 16, Paulo anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, mwanamke aliye safarini kwenda Roma, na anaagiza apokewe vema na asaidiwe kwa lolote atakalohitaji. Hamwulizi kama amewahi kufika Likasi.

Paulo alifika Roma akiwa mfungwa, baada ya meli kuvunjika karibu na Malta. Kama alifika Hispania, Maandiko hayasemi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa hiyo sura ya 15 haikustahili kuandikwa.

Sasa niitaje ile hasara. Kijana anayechekwa haachi kupanga, anapanga gizani. Daftari linahamia simuni, na simu haina mlezi. Hapo ndipo anapokutana na mtu mwenye "njia": anayeahidi viza kwa majuma mawili, anayetaka nusu ya fedha kwa simu leo na nusu nyingine kesho, anayemwonya asimwambie mtu, hasa wazazi, hasa padri. Kijana aliyezoea kuonyesha mpango wake kwa watu kumi atampata mmoja kati yao wa kumwuliza kwa nini ada ya viza anaipokea mtu binafsi wala si ubalozi. Kijana aliyefundishwa kuona haya hana wa kumwuliza. Kwa hiyo nasema wazi: kicheko chetu kinamfanyia tapeli nusu ya kazi yake.

Na yupo ndugu wa tapeli, mwenye Biblia mkononi. Huyu hupaka pasipoti mafuta, huamuru mfungo wa siku 21, hupokea sadaka ya "kufungua mlango". Vijana wetu huenda huko Jumatano usiku na Dominika wanarudi kwetu kuimba. Wanajifunza huko kwamba mambo yakienda kwa urahisi, basi ni Mungu. Nabii Yona angewacheka. Alipotaka kumkimbia Mungu alishuka Yafa, akaikuta meli iko tayari, inakwenda Tarshishi kule kule alikotaka. Nauli alikuwa nayo, akailipa, akapanda. Hakuna mlango uliofungwa hata mmoja. Mambo yote yalimnyookea mtu aliyekuwa akienda kusikompasa.

Nanyi vijana, sasa zamu yenu. Kupanga safari ni jambo moja, kutaka kutoweka ni jambo jingine, na baadhi yenu mnayachanganya kwa makusudi. Mwaka 2023, kabla ya Siku za Vijana za Lisbon kuanza, ilitangazwa kwamba mahujaji kadhaa kutoka Angola na Cabo Verde walikuwa wamekwisha kuingia Ureno lakini hawakuonekana kwenye vikundi vyao. Siwahukumu, sijui njaa ya nyumba zao. Najua tu kwamba ofisa wa viza anayesoma habari hiyo ataitazama kwa jicho jingine barua ya parokia itakayofuata, na mwenye barua hiyo huenda ni kijana wa kweli aliyeweka akiba miaka mitatu.

Wengine wenu mmefikia kununua hati ya benki ya uongo, na mnasema ni karatasi tu. Kumbukeni Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa Mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Alifanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani Goma. Alitakiwa kukipitisha chakula kilichoharibika, akapewa rushwa, akaikataa. Akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana na makatekista habari zake katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Huyo alikufa kwa kukataa karatasi iseme uongo. Wazee hupenda kumtaja kama mfano wa aliyebaki nchini, na hapo nadhani wanakosea: hatumheshimu kwa sababu hakuondoka Goma. Lakini nanyi hamwezi kuiweka picha yake katika simu moja na hati ile.

Na hesabu ya lupango. Familia ikiuza lupango lake ili mmoja apitie jangwani na kupanda mashua, waliobaki wanapanga chumba, na aliyeondoka anabeba kichwani deni la watu sita. Tangu 2014 zaidi ya watu 30,000 wamekufa au kupotea katika Bahari ya Mediterania. Atakayewaambia kwamba hao walikosa imani, ondokeni mbele yake. Hawakukosa imani. Wengi wao walikosa njia halali, na dhambi ya hilo haiko mabegani mwao peke yao. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi mwaka 2023, alisisitiza uhuru wa kuchagua kuhama au kubaki. Uhuru huo una pande mbili, na sisi tumezoea kuhubiri upande mmoja: viongozi wanaowaambia vijana wabaki waseme pia wanabakia nini.

Nirudi kwenye swali la Likasi. Kwa dhati, mmefika? Mmeyaona maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300? Mmekwenda Bunkeya? Siulizi ili kuwaaibisha. Nauliza kwa sababu safari ya Bunkeya inatumia viungo vile vile: kukusanya fedha kidogo kidogo, kuuliza njia, kulala kwa wageni, kugombana na mwenzako kuhusu maji ya kunywa, kurudi na kusimulia. Kundi la Xaveri au la Kiro lisiloweza kupanga siku tatu za Kundelungu bila mweka hazina kutoroka na michango halitaweza Seoul, nami ningekuwa wa kwanza kuwashauri msitoe hata franka moja.

Walezi wenzangu, Seoul inakuja, na majina yataanza kuuzwa. Ombi langu ni dogo. Mkutano wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, binti yule apewe nusu saa mbele ya vijana wote, na daftari lake, kwa hiari yake. Aulizwe maswali magumu: nani analipa, unakwenda kufanya nini, nani ataangalia meza ya makala ukiwa mbali, unarudi lini. Asipokuwa na jibu, swali liandikwe ukurasani, naye arudi nalo mwezi unaofuata. Ramani ya ukutani katika chumba cha katekesi bado inaiita nchi yetu Zaire, lakini bahari ziko mahali pake. Itatosha kwa kuanzia.